Saa Kumi ya Nakijwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya sungura na fisi bali ni ya juzijuzi tu, simu zilipokuwa zimeshafika kila nyumba isipokuwa moja, palikuwa na kijiji milimani Upare kiitwacho Ikongwe. Watu wa Ikongwe walilima mahindi, maharage na magimbi, na walilima kwa maji ya ndiva. Asiyeijua ndiva asione haya, wengi mnaonikodolea macho hapa hamuijui. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Kijito kinaijaza polepole, ikijaa inafunguliwa, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Mwenye zamu anasubiri na jembe mkononi. Maji yakifika anaziba mfereji kwa udongo, anafungua mlango wa shamba lake, shamba linakunywa. Asipokuwepo, maji yanapita zake mpaka korongoni, na korongoni hakuna aliyelima.

Zamu ilikuwa ikitangazwa kwa baragumu. Mpigaji alikuwa Mzee Mchome, ambaye nyumba yake ipo ukingoni mwa ndiva. Akipiga mara moja, ni upande wa juu. Akipiga mara mbili, ni upande wa chini. Akipiga mfululizo, ni msaragambo, watu wote watoke na majembe wakazibue mfereji. Kila mwenye masikio alipata habari, hata aliyekuwa hasalimiani na mzee.

Kisha wakaja watu wa mradi. Wakaweka lango la chuma linalojifungua lenyewe kwa umeme wa jua. Wakaweka kipimo cha maji. Wakaandika namba za simu za watu, wakasema: "Sasa zamu itawafuata mfukoni."

Na kweli iliwafuata. Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Mtambo ule ulifanya mema. Wizi wa zamu ulipungua, na watu waliacha kushinda mferejini wakiviziana. Na wajane, ambao zamu zao zilikuwa zikichukuliwa na mashemeji, walianza kuzipata kwa majina yao wenyewe. Kijiji kikakaa mkutano, kikaandika kwenye muhtasari kwamba baragumu lisipigwe tena ila kwa msiba, lisije likawachanganya watu. Mzee Mchome akatia saini yake pamoja na wengine. Akaenda nyumbani, akalitundika ukutani, na kwa siku tatu hakuzungumza na mtu, hata mkewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wenyewe ni wanne tu, na mkiwachanganya mtanisumbua mwishoni.

Wa kwanza ni Nakijwa, mjane. Mumewe alipofariki aliacha shamba la upande wa juu, na ndugu wa mume wakalitaka. Shemeji yake mkubwa, Kalinga, alimwambia mbele ya ukoo: "Shemeji, sisi si watu wabaya. Lima msimu huu. Ukivuna, shamba ni lako na wanao. Usipovuna, linarudi kwetu." Nakijwa akapanda maharage. Meseji ya kwanza ya zamu ilipoingia ikiwa na jina lake, jina lake yeye, si la marehemu wala la shemeji, aliisoma mara tatu. Hakuifuta. Simu yake ni kitochi kidogo kinachojaa meseji upesi, lakini ile hakuifuta.

Wa pili ni Mzee Mchome, mmeshamjua. Shamba lake ni dogo, lakini ndilo linalotoa mbegu ya maharage ya kienyeji. Mwaka ukiwa mbaya watu humwendea na mabakuli, naye huwapimia bila kuuliza mtarudisha lini. Hata maharage ya Nakijwa yalitoka kwake.

Wa tatu ni Naghenjwa, msichana aliyefundishwa na mradi kwa siku mbili namna ya kuusimamia mtambo kwa simu yake. Halipwi kitu. Analima shamba la mama yake, ambaye miguu haimbebi tena. Na hapa kuna jambo mnapaswa kulishika. Mtambo ule ulitengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu saa usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa hiyo mtambo ukitaka kusema saa nne asubuhi, unaandika saa 10:00. Naghenjwa aliliona hilo siku ya kwanza. Basi kila jioni, kabla meseji hazijaondoka, alikuwa anakaa jikoni anafuta 10:00 na kuandika saa nne asubuhi, anafuta 13:00 na kuandika saa saba mchana. Hakuagizwa na mtu. Hakumwambia mtu. Kijiji kizima kilidhani mtambo unajua Kiswahili.

Wa nne ni Sekiete, na nyumba isiyo na simu ndiyo yake. Simu aliwahi kuwa nayo, ikatumbukia mferejini akizibua maji ya msaragambo, maji ya watu wote. Mradi ulipoandika namba, alisema: "Nitaleta yangu nikipata nyingine." Wakamwekea kistari. Mtambo haukujua kistari ni mtu, ukamtupa nje ya orodha. Sekiete alipouliza zamu yake, majirani walimwambia asubiri meseji. Akasubiri. Siku arobaini mahindi yake hayakuona maji ya ndiva, na bado kila asubuhi alikwenda shambani na jembe, kama mtu aliyeahidiwa.

Haya. Mwaka ule mvua zilikawia, jua likawa kali, kijito kikawa chembamba. Maharage ya Nakijwa yakatoa maua, na ua la haragwe likikosa maji halina subira. Wiki hiyohiyo mtoto wa dada yake Naghenjwa akashikwa na homa, Naghenjwa akamshusha hospitali bondeni, akakaa naye siku mbili. Hakukaa jikoni kufuta kitu. Meseji zikaondoka jinsi mtambo ulivyoziandika.

Nakijwa akapata yake: "Ndugu Nakijwa, zamu yako ya maji ni kesho saa 10:00."

Akafurahi. Alipopita kwa Mzee Mchome akamwamkia: "Shikamoo mzee. Kesho maji ni yangu."

"Marahaba mwanangu. Unywe vizuri."

Kesho yake asubuhi Nakijwa akaenda kukata majani ya ng'ombe ng'ambo ya mlima, ili saa kumi jioni imkute amemaliza kazi zote, yupo shambani na jembe lake. Mtu makini huyo. Ilipofika saa nne asubuhi, lango la chuma likajifungua.

Maji yakashuka. Yakapita kwa Mzee Mchome. Mzee akachungulia, akatazama chini, akaona shamba la Nakijwa halina mtu. Akaingia ndani, akalitungua baragumu. Akalipangusa vumbi kwa shati lake. Akalitia mdomoni. Kisha akalitundika tena.

Maji yakapita mlango wa shamba la Nakijwa, mlango umefungwa. Yakashuka. Yakafika kwa Sekiete, aliyekuwa amesimama na jembe kama kila siku. Sekiete akaangalia juu, hakuona mwenye maji. Akaita mara tatu: "Mwenye maji! Mwenye maji! Mwenye maji!" Hakuitikiwa. Mbele yake ni korongo. Akatia udongo mferejini, akafungua mlango wa shamba lake, na mahindi yakanywa kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini. Alilia pale shambani, mwenyewe alisema baadaye, bila kujua analia kwa furaha au kwa hofu.

Saa kumi jioni Nakijwa akafika. Aliukuta mfereji mkavu. Alikaa kwenye ukingo mpaka jua likashuka, akidhani maji yamechelewa njiani. Namhurumia mama huyu, na sifichi.

Asubuhi iliyofuata wakakutana wote kwenye ukuta wa ndiva. Mwenyekiti wa kamati ya maji akamwuliza Naghenjwa, aliyekuwa amerudi na mtoto amepona: "Kijito kinaweza kujaza ndiva mara ngapi kabla hakijakauka?"

Naghenjwa akatazama simu. "Mara tatu."

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Mchome. Mzee hakutazama simu, alitazama alama za tope ukutani. "Mara tatu," akasema. Mara hiyo moja, simu na jicho vilikubaliana.

Mashamba mengine yote ya mfereji ule yalikuwa yamekwisha kumwagiliwa duru ile. Waliobaki ni Mzee Mchome na Naghenjwa, waliokuwa wanangoja zamu zao. Na Sekiete, ambaye mkutano ulipogundua alitupwa nje ya orodha, uliona aibu, ukamrudishia zamu palepale. Na Nakijwa, ambaye maji yake yalinywewa na shamba jingine. Ndiva tatu, mashamba manne.

Najua mnachotaka kusema. Mnataka kusema wagawane, kila mmoja apate kidogo. Ninyi hamjawahi kumwagilia. Mfereji ukiwa mkavu hunywa wenyewe kwanza. Ndiva ikipunguzwa haifiki popote, inaishia njiani kwenye nyufa. Shamba moja kwa ndiva moja, ndivyo ilivyo. Na msiniambie wabebe kwa ndoo. Ekari ya maharage kwa ndoo, kwenye mlima ule, jaribuni ninyi.

Mwenyekiti akasema: "Mmoja atakosa. Semeni wenyewe."

Akasimama Nakijwa. "Zamu ilikuwa yangu. Sikuchelewa. Nilifika saa niliyoambiwa."

Mtu mmoja akamwuliza: "Mama, saa ya simu huijui? Si sote tunajua simu ikisema kumi ni saa nne?"

"Saa ya simu naigeuza kama unavyoigeuza wewe, baba. Lakini ile haikuwa saa, ilikuwa barua. Imeniita ndugu. Imeandikwa kwa Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho, na saa kumi ya Kiswahili ni saa kumi. Siku zote ilikuwa inaniambia kweli, kwa nini siku ile niigeuze?" Akatoa kitochi chake. "Na leo asubuhi imeniletea nyingine. Naisoma: 'Hongera, umeshamwagilia shamba lako.' Mtambo umeandika nimepata. Shemeji yangu Kalinga yule pale naye anasubiri kuandika nimeshindwa. Mkininyima ninyi, mtakuwa wa tatu."

Kalinga akatazama chini.

Wakamgeukia Sekiete. Wapo waliosema: "Huyu ameshakunywa. Maji ya Nakijwa yako kwenye mahindi yake. Huyu ndiye akose, limekwisha."

Sekiete akasimama. "Nimekunywa, sikatai. Lakini ningeyaacha yaende korongoni, yangekuwa yamemfaa nani? Niliita mara tatu. Nyumba ya mama Nakijwa ipo nyuma ya kilima, ningekimbia kumwita ningerudi mfereji umekauka, naye asingekuwa huko, alikuwa majanini. Mnahesabu maji niliyokunywa jana. Na yale niliyokosa siku arobaini mnayahesabu wapi? Ninyi nyote mmemwagilia mara tatu, mara nne. Mahindi yangu yamenyanyua shingo tu, yasipopata mara ya pili yanalala moja kwa moja. Wanangu hawali maharage ya kuuza, wanakula mahindi hayo. Na simu ninayodaiwa ilizama nikiwazibulia ninyi mfereji."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Maana ilikuwa kweli.

Wakamgeukia Mzee Mchome, na waliomgeukia walikuwa na hasira. "Mzee, wewe uliona. Baragumu ulikuwa nalo. Pigo moja tu Nakijwa angesikia hata ng'ambo ya mlima."

Mzee Mchome hakusimama, magoti yake hayapendi kusimama. "Nililitungua," akasema. "Nikalipangusa. Nikalitia mdomoni. Nikakumbuka mmeandika lisipigwe ila kwa msiba, na saini yangu ipo. Ningepiga, mngekimbia wote mkiuliza nani amekufa, na jioni mngeniita kwenye kamati. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa na uchungu. Moyo uliniambia, waache na simu zao. Nimewaambia nyote mbili, mngeweza kusikia moja tu mkaridhika. Lakini shamba langu mnalijua. Likikauka, mwakani mtapanda mbegu ya nani? Wewe Nakijwa, ya kwako ilitoka wapi?"

"Kwako, mzee," Nakijwa akajibu.

"Basi mkikata zamu yangu mnanikomoa mimi leo, na mwakani mnajikomoa ninyi."

Akabaki Naghenjwa. Kwanza hakuna aliyemtazama kwa ubaya, maana hakuna aliyejua. Ni yeye mwenyewe aliyesema. Akaeleza alivyokuwa akikaa jikoni kila jioni akifuta na kuandika, akifuta na kuandika, na alivyoacha zile siku mbili za hospitali. Watu wakashangaa. Mama mmoja akauliza: "Kwa hiyo siku zote hizi ni wewe uliyekuwa unatuambia saa?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilidhani nikiwaambia mtambo unakosea, mtaukataa. Na mkiukataa, mama Nakijwa na wajane wenzake wanarudi kuomba maji kwa mashemeji. Nikaona bora niufichie aibu." Akafuta uso kwa kanga. "Mtoto alikuwa anatetemeka kwa homa mikononi mwangu. Sikukumbuka saa za mtu. Mkisema nikose mimi, siwezi kubisha kwa nguvu. Lakini shamba si langu, ni la mama, na mama hana kosa. Halafu semeni ukweli. Nimefanya kazi hii bila shukrani kwa sababu hamkuijua. Sasa mmeijua, na shukrani yenyewe iwe kuninyima maji? Kesho nani atakaa jikoni kufuta saa 10:00?"

Hapo mkutano ukagawanyika. Walioketi upande wa mwembe wa Kalinga, msinipeleke kwenye habari za mwembe, ni mahali tu palipokuwa na kivuli, walisema Sekiete akose, kwa sababu ameshaonja. Wanawake wengi wakasema Mzee Mchome akose, kwa sababu yeye peke yake aliona akanyamaza, wengine hawakujua. Vijana wakasema Naghenjwa akose, kwa sababu aliyeshika kazi ya watu akiiacha lazima aage, hata akiwa na mgonjwa. Na wapo wachache, sauti zao ndogo, waliosema Nakijwa mwenyewe akose, kwa sababu maua ya maharage yake yameshaanza kudondoka, na kumwagilia shamba linalokufa ni kuua shamba linaloishi. Waliosema hivyo hawakumtazama usoni.

Mmoja akasema tuwalaumu watu wa mradi. Wote wakakubali kwa sauti moja, wakawalaumu vizuri sana, kwa muda mrefu. Watu wa mradi walikuwa mbali, hawakusikia, na hawakuwa na shamba kwenye mfereji ule ambalo zamu yake ingeweza kukatwa.

Mwenyekiti akauliza kama yupo atakayejitolea. Mzee Mchome akafungua mdomo, akaufunga. Sekiete akatazama mikono yake. Naghenjwa akasema: "Lingekuwa shamba langu, zamu ningeitoa. Ya mama siwezi kuitoa." Nakijwa akasema: "Mimi nimeshatoa mara moja bila kuulizwa."

Jua lilikuwa linapanda. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka kwenye alama ya juu, na lango la chuma lilikuwa linasubiri kuambiwa. Mtambo ulitaka majina matatu. Si manne, si mawili na nusu. Naghenjwa aliketi juu ya ukuta wa ndiva na simu yake, kwa sababu hata siku hiyo hakuwepo mwingine aliyejua kuandika mle. Akaiweka simu magotini, akauliza mkutano: "Niandike nani?" Akauliza mara ya pili. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake.

Nimesimulia habari hii mahali pengi. Kuna nyumba walinipa chakula kisha wakagombana mpaka nikaondoka sijanawa mikono. Nimeona mume na mke wakiingia ndani kila mmoja na jibu lake. Mimi nilikuwa na jibu langu pia, na kila nikisimulia linabadilika. Leo sina, kwa hiyo msinitazame mimi.

Mtazameni yule binti. Anauliza mara ya tatu, na sasa anawauliza ninyi. Wanne wako mbele yenu, majina ni matatu, na asubuhi inakwisha. Je, ni jina la nani aliache?